Asilimia Tisini na Tatu ya Mwalimu Machage

Mimi sipendi watu wanaomsema mwalimu Sylvester Machage kana kwamba alizaliwa mwongo. Wengi wao wamesoma kwa chaki yake. Wakimwona anapita na baiskeli kuelekea Gorong'a kwa dada yake wanaanza kunong'onezana, "Yule ndiye, yule ndiye." Nyamazeni basi! Nimefanya naye kazi miaka kumi na minne, ofisi moja, meza zetu zinatazamana. Kama kuna mtu mwenye haki ya kumsema ni mimi Kezia, na mimi nikimsema lazima nijiseme mwenyewe pia, kwa sababu kalamu ilikuwa yangu.

Shule siitaji jina. Ipo huku huku Tarime, watu wake wapo, na watoto wanaosoma pale leo hawana kosa lolote. Machage alikuwa mwalimu mkuu wetu. Sasa hivi si mwalimu mkuu tena, anafundisha darasa la kwanza kwenye shule nyingine, na akikutana nami senta ananisalimia vizuri tu kisha anaangalia pembeni.

Nianze na mtu mwenyewe alivyokuwa. Machage alifundisha hesabu za sehemu kwa ng'ombe. Alikuwa anasimama mbele ya darasa, mikono nyuma, anamtazama mtoto mmoja: "Haya, mura, baba yako ana ng'ombe kumi na wawili. Robo wana mimba. Wasio na mimba ni wangapi?" Mtoto wa Kikurya anaweza kusahau jina la waziri, lakini hawezi kukosea ng'ombe wa baba yake. Darasa zima linapiga kelele, "Tisa!" Na yeye anacheka mpaka anashika kiuno. Msimu wa palizi watoto wakipungua, alikuwa anaacha ofisi anaingia mashambani kuwatafuta. Siku moja baba mmoja alimtoa mbio na panga, suruali ikachanikia kwenye michongoma, akarudi shuleni na matobo yake na watoto watatu aliowapata njiani. Huyo ndiye Machage niliyemjua mimi.

Kisha ikaja sheria.

Halmashauri yetu ilipitisha sheria ndogo ya uwajibikaji wa shule. Ilikuwa ya miaka mitano, baada ya hapo madiwani waamue kama wanaiongeza au wanaiacha. Kwenye karatasi ilisomeka vizuri sana. Kila mwalimu mkuu asaini kwamba ufaulu wa darasa la saba hautashuka chini ya asilimia themanini. Shule itakayoshindwa inaingia kwenye orodha nyekundu ukutani kule makao makuu ya halmashauri. Ikishindwa miaka mitatu mfululizo, mwalimu mkuu anavuliwa cheo na kuhamishwa. Kuhusu madawati, vitabu, watoto tisini chumba kimoja, haikusema kitu. Aliyetakiwa kuwajibika ni mwenye chaki peke yake.

Mwaka wa kwanza tulipata hamsini na nane. Walimu wakuu wote wakaitwa mjini. Wale kumi wa mwisho wakasimamishwa mbele ya wenzao, kila mmoja akavalishwa kibao shingoni kimeandikwa NIMEWAANGUSHA WATOTO. Machage alikuwa mmoja wao. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, ana wajukuu, amevaa koti lake la harusi kwa sababu alidhani ni kikao cha heshima! Kabla hajafika nyumbani picha ilikuwa imezunguka kwenye magrupu yote ya WhatsApp. Binti yake, Lilian, aliyekuwa anasoma sekondari kule Musoma, akaonyeshwa na wenzake bwenini.

Kesho yake alikuja ofisini akakaa, hakufungua hata daftari. Nikamwambia, "Pole, mwalimu mkuu."

"Mwalimu Kezia," akasema, "kile kibao sitakivaa tena. Heri nife."

Nikamwambia asiseme maneno hayo. Ningejua anaongea kwa dhati kiasi gani, ningekaa naye siku nzima.

Akaanza kuhangaika. Vipindi vya asubuhi kabla ya namba za usafi, vipindi vya jioni, Jumamosi. Tukapanda mpaka sitini na sita, tukabaki na mwaka mmoja tu wa kujiokoa. Ndipo kwenye sherehe moja ya kipaimara mwalimu mkuu mwenzake akamvuta pembeni akamfundisha. Sheria inahesabu majina yaliyomo kwenye rejista siku ya kusajili watahiniwa, basi. Mtoto mzito unamwandika mtoro sugu, unamfuta. Yeye mwenyewe unamwambia aendelee kuja, mwakani utamwandika upya. "Unasafisha rejista," ndivyo walivyosema. Shule nyingi zilikuwa zinafanya. Makao makuu nao, sidhani walikuwa hawajui.

Sisi tukawaita wale watoto "wageni". Aa, tulikuwa tunacheka! Tunaulizana ofisini, "Wageni wako mwaka huu wangapi?" Naandika haya na nasikia aibu mpaka kwenye masikio.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa mwalimu wa darasa la saba. Watoto hamsini na saba. Mmoja wao aliitwa Mokami, binti wa mzee Gidion, mfugaji, na mama anaitwa Veronika. Miaka kumi na mitano, mrefu, mwembamba, ana pengo hapa mbele kwa sababu ndama alimpiga teke. Kwao ni Kikurya mwanzo mwisho, Kiswahili anakikuta shuleni, kwa hiyo akisoma anaweka kidole chini ya neno na kulivuta pole pole. Hesabu alikuwa anajua, ila akishindwa kusoma swali unadhani hajui. Mtihani wa majaribio alipata alama tisini na nne kati ya mia tatu. Lakini kuhudhuria, haki ya Mungu, sijapata kuona. Mvua, jua, umande, unamkuta mlangoni ameshafagia.

Mwezi wa pili Machage akaniletea karatasi yenye majina kumi na moja. La Mokami lilikuwa la nne.

"Huyu hajakosa hata siku tano tangu mwaka juzi," nikamwambia. "Nitamwandikaje mtoro?"

"Andika, mwalimu."

"Machage..."

"Kezia, unataka nivae kibao tena? Andika. Mwakani atafaulu vizuri, hata yeye atatushukuru."

Nikachukua kalamu nyekundu. Nikaandika mtoro sugu mara kumi na moja, mwandiko wangu mzuri wa chuo cha ualimu, yeye akapiga muhuri. Ilituchukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Asubuhi iliyofuata nikaita majina. Nilipolipita la Mokami akanyoosha mkono, anatabasamu na lile pengo lake. "Mwalimu, umeniruka."

"Kaa chini," nikamwambia.

Akakaa. Kesho yake hakunyoosha tena. Alikuja mwaka mzima, sare yake safi, anaandika notisi zote, na asubuhi wenzake wakiitikia yeye anaangalia dawati. Mwezi wa tisa wenzake walipoingia kwenye mtihani wa taifa, yeye na wale kumi tukawaambia wabaki nyumbani siku mbili. Mtihani ulipoisha tukawarudisha hao kumi na mmoja nyuma wakae na darasa la sita.

Matokeo yakatoka. Waliofanya arobaini na sita, waliofaulu arobaini na watatu. Asilimia tisini na tatu! Halmashauri ikatupa kombe. Wazazi wakatuchinjia mbuzi. Machage akapigwa picha tena, safari hii amebeba kombe, na nilimwona mwenyewe anamtumia Lilian ile picha, anafuta macho kwa leso. Mimi nilikula ile nyama, na ilikuwa tamu.

Sasa ile miaka mitano ilikuwa inaisha Desemba, na madiwani wamegawanyika. Chama cha walimu kilikuwa kinapiga kelele, kinataka vibao vifutwe na kuvuliwa vyeo kufutwe. Diwani mmoja wa viti maalumu, anaitwa Rose, yeye alikuja na hoja moja tu iliyowatia watu tumbo joto. Alitaka ufaulu uhesabiwe kwa watoto wote waliokaa darasa la saba mwezi wa kwanza, hata waliofutwa baadaye. Alikuwa amesikia. Diwani wa kata yetu, Felix, alitaka sheria iongezwe ilivyo, kwa sababu uchaguzi ulikuwa unanukia na kombe letu alikuwa analitembeza kila mkutano kama vile amefaulu yeye. Kura zilikuwa karibu sawa. Ndipo kamati ya elimu ikasema inakuja kusikiliza maoni ya wananchi, na inakuja shuleni kwetu, Alhamisi, katikati ya Novemba.

Felix akaja ofisini, akakaa juu ya meza ya Machage bila kukaribishwa.

"Mwalimu mkuu, wewe ndiye ushahidi wangu. Ulikuwa wa mwisho, sasa uko juu. Sema hivyo tu. Ukisema wewe, Rose ameisha."

"Nitasema, mheshimiwa."

"Na ile nafasi ya afisa elimu wa kata, si unajua iko wazi?"

Machage hakujibu hilo. Namtetea hapo. Cheo hakukitaka sana, alichokuwa anakimbia ni kile kibao.

Jumanne, siku mbili kabla ya kikao, Veronika akaja. Tulikuwa wawili tu ofisini. Alipiga magoti mlangoni kama wanavyofanya mama zetu, akasema shikamooni. Machage akamwinua haraka, akampa kiti.

"Mwalimu mkuu, baba Mokami amekubali ng'ombe," akasema. "Watu wa Serengeti. Wanakuja kumchukua Jumamosi. Mtoto analia, hataki, anasema anarudia darasa la saba mwakani, mwalimu ameahidi."

"Umekwenda kwa mtendaji?" nikamuuliza. Mtendaji wetu wa kijiji alikuwa Simioni, kijana mkali lakini wa haki.

"Nimetoka kwake. Amesema Mokami akiwa mwanafunzi, yeye ana nguvu. Ni kifungo cha miaka, watu wataogopa wenyewe. Asipokuwa mwanafunzi, wazee watasema ni mambo ya nyumbani, watamzungusha. Amesema nilete barua ya mwalimu mkuu yenye muhuri kwamba ni mwanafunzi. Leo au kesho. Ndiyo nimeifuata."

Barua mistari mitatu. Muhuri ulikuwa pale mezani, na wino wake. Nilimwona Machage anautazama.

"Mama," akasema, "barua utaipata. Lakini Alhamisi tuna wageni wakubwa hapa. Ipite Alhamisi. Ijumaa asubuhi na mapema njoo, utaikuta tayari."

"Ijumaa si itakuwa mbali, mwalimu?"

"Jumamosi iko baada ya Ijumaa, mama. Simioni ataiwahi."

Na Veronika akatushukuru! Akatushika mikono wote wawili, akasema Mungu awabariki walimu wangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Alipotoka nikasema, "Mwandikie leo, Machage. Mtoto wa watu."

Akavua miwani. "Nikiandika leo, Simioni ataibandika kwenye faili. Simioni na Rose wanaongea. Alhamisi Rose atasimama na barua yangu mkononi, mwanafunzi halali, halafu atauliza kwa nini hakufanya mtihani. Watafungua rejista. Watawakuta kumi na mmoja. Rudisha kumi na mmoja kwenye hesabu, Kezia, tunapata ngapi?"

Nilijua. Nilishaipiga ile hesabu peke yangu siku nyingi. Sabini na tano. Chini ya themanini, na rejista ya uongo juu yake.

"Na mwandiko ni wako," akasema. Hakunitisha. Alisema tu, kwa upole, na mimi nikanyamaza kwa sababu ndilo nililokuwa naliogopa tangu Veronika alipotamka neno barua. Nina watoto wawili chuoni. Nikajiambia Jumamosi iko baada ya Ijumaa, sivyo? Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Jumatano jioni, kabla ya kuwaruhusu watoto, tukafanya jambo jingine. Machage aliona kamati ikija inaweza kuhesabu vichwa. Akaniambia niwaambie wale kumi na mmoja wasije kesho. Nikawaita nje, nikawaambia, "Kesho bakini nyumbani, shule itakuwa na ugeni." Wakaitikia ndiyo mwalimu. Mokami akabaki nyuma ya wenzake.

"Mwalimu, mimi naomba nije," akasema. "Nitakaa jikoni na wapishi, sitaonekana."

"Kwa nini usikae nyumbani na mama yako?"

"Mama atakuja kwenye mkutano."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia siku moja si kitu. Mungu wangu, nilimwambia hivyo, siku moja si kitu.

Alhamisi turubai lilifungwa uwanjani, viti vya plastiki, spika inalia mpaka senta. Kata nzima ilikuwepo. Felix alihakikisha. Simioni alikuwepo na mgambo wake, polisi kata alikuwepo kulinda usalama, wenyeviti wa vitongoji, walimu wote, mama za watoto wakiwa na kanga za kufanana. Watu waliongea, wengine vizuri kabisa. Mzee mmoja aliuliza mbona mwalimu anawajibika na aliyetunyima madawati hawajibiki, akapigiwa makofi mpaka Felix akakunja uso.

Kisha wakamwita Machage. Alisimama na lile koti lake la harusi. Alieleza tulikotoka, tulipofika. Alisema sheria imetuamsha usingizini. Alikuwa anaongea vizuri, Machage, tangu zamani.

Rose akaomba kipaza sauti. "Mwalimu mkuu, hongera. Nina maswali mawili madogo. Mwezi wa kwanza darasa la saba walikuwa wangapi?"

Nilikuwa nimekaa nyuma yake hatua tatu. Niliona shingo yake imelowa jasho.

"Arobaini na sita, mheshimiwa."

"Hakuna mtoto aliyepotea hapo katikati?"

"Hakuna mtoto aliyepotea."

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Wajumbe wa kamati wakaandika. Nikwambie mwisho wake kabisa usije ukangoja: wiki mbili baadaye baraza likapiga kura, sheria ikaongezwa miaka mitano mingine, haikubadilishwa hata nukta, na wajumbe waliitaja shule yetu kwa jina.

Chakula kikaletwa, pilau na kuku. Machage hajapeleka kijiko cha pili mdomoni, Veronika akaingia pale kati ya viti. Alikuwa ameondoka mkutano ukiwa katikati, akakimbia nyumbani kumwangalia Mokami. Sasa amerudi peku, hana pumzi.

"Wamemchukua," akasema. "Mwalimu, wamemchukua! Walikuja leo."

Gidion si mjinga. Alijua Jumamosi mtendaji atakuwa kijijini, huenda na barua. Akajua pia Alhamisi mtendaji, mgambo, polisi, diwani, walimu, wote watakuwa chini ya turubai moja wanaongelea shule. Akawapigia simu watu wa Serengeti waje Alhamisi saa nne. Alikuwa na wasiwasi mmoja tu, kwamba binti atakuwa shuleni. Akamkuta nyumbani. Alipomuuliza mbona hujaenda, Mokami akamwambia, "Mwalimu amenikataza."

Machage aliweka sahani chini. Akaenda ofisini akaandika ile barua, mistari mitatu, kwa haraka mpaka muhuri ukagonga mara mbili. Akampa Simioni mbele ya Felix, mbele ya Rose, mbele ya wote. Felix akamshika koti, "Unafanya nini wewe?" Machage akamtoa mkono kama anavyofukuza nzi. Nasema hili kwa sababu watu hawalisemi. Alichelewa, ndiyo, lakini aliandika akijua inammaliza. Na ilimmaliza. Rejista ilifunguliwa wiki ile ile, akavuliwa cheo kwa sheria aliyoisifia, wala hakukata rufaa; madiwani wakasema kosa ni la mtu, si la sheria. Mke wake Elieth, mama Lilian, aliniambia kwamba alikuwa anaamka anakaa kitandani akisema mtoto wa watu, Elieth, ningeandika Jumanne. Mimi walinipa onyo tu. Waliniona mtu wa kutumwa.

Ijumaa tukaenda Serengeti. Gari la polisi, mimi, Machage, Simioni, Veronika, na afande Vedasto wa dawati la jinsia. Afande alikuwa mtu mpole, hana haraka. Alikuwa ametuambia tubebe na rejista, kesi inataka kielelezo. Njiani alizisoma zote mbili, barua na rejista, akazisoma tena. Kisha akageuka kiti cha mbele.

"Mwalimu, hapa nina karatasi mbili. Moja inasema mtoto ni mwanafunzi wako, nyingine inasema ni mtoro ulishamfuta. Zote zina muhuri wako. Hakimu nitamwambia aamini ipi?"

"Hiyo ya jana," Machage akasema.

"Ya jana umeiandika baada ya ndoa," afande akasema.

Mji ulikuwa mzuri, umefagiwa. Mokami alikuwa amekaa na wanawake wawili wanapukuchua mahindi. Wamemvisha kitenge kipya. Alipotuona akasimama, akaja, akapiga goti. "Shikamoo mwalimu mkuu. Shikamoo mwalimu Kezia." Mama yake akamkumbatia akilia, yeye hakulia. Wanaume wa mji wakatoka, wakasimama karibu, hawakufanya fujo. Mkubwa wao akasema wao walielezwa binti hasomi tena, kama kuna karatasi waone.

Afande Vedasto akachuchumaa ili asimtishe. "Binti, usiogope. Hapa hakuna atakayekugusa. Wewe ni mwanafunzi?"

Nilimwomba Mungu aseme ndiyo. Neno moja. Afande mwenyewe alituambia kwenye gari, mtoto akisema mwenyewe mbele ya mashahidi, ana pa kuanzia.

Mokami akanitazama mimi.

"Hapana, afande," akasema.

"Mwalimu wako anasema ni mwanafunzi wa darasa la saba."

"Darasa la saba walishamaliza. Mimi nilifutwa mwezi wa pili." Alisema bila hasira kabisa. Alisema vile mtoto anavyomsahihisha mwalimu aliyekosea tarehe ubaoni, kwa adabu, akidhani tumesahau na anatusaidia. "Mwalimu Kezia anajua. Yeye ndiye aliandika."

Afande akafungua rejista, akaweka kidole kwenye mstari mwekundu, akaniinulia uso. "Mwalimu, huu mwandiko wako?"

"Wangu."

"Ulichoandika ni kweli?"

"Si kweli, afande. Huyu hajawahi kutoroka hata siku moja. Huyu alikuwa anafika kabla yangu." Nikaanza kulia pale mbele ya watu, mtu mzima, na nikamshika Mokami mkono. "Wewe ni mwanafunzi, mwanangu. Sema basi. Sema wewe ni mwanafunzi."

Akaniangalia, anataka kunitii. Niliona midomo inaanza. Alikuwa mtoto wa kutii, ndiyo maana alikaa nyumbani Alhamisi. Lakini akamgeukia mama yake, akamuuliza kwa Kikurya, taratibu, nami nilisikia.

"Mama, nikisema uongo kwa polisi, hawatakufunga wewe?"